Viza ya Mama, Papa Anafuata

Watu wa Lubumbashi wakisikia kwamba mimi na mume wangu tulipata viza ya wastaafu ya Afrika Kusini, huuliza swali moja kabla salamu hazijakwisha: "Mulilipa nani?" Siwalaumu. Kwetu dosiye, yaani faili la maombi, isiyosukumwa huota majani. Na kweli tulilipa: mtafsiri aliyekula kiapo, daktari wa picha za mapafu, ndege ya Kinshasa, fotokopi mpaka kijana wa mashine akaanza kuniita mama mkwe. Ila hakuna aliyelipwa ili atoe viza. Makomisioneri, madalali wa karatasi, waliokuja nyumbani kwangu Bel-Air na ahadi zao niliwapa maji baridi, wakanywa, wakaenda. Kilichoangaliwa ni pensheni yangu, au niseme sawasawa, karatasi za pensheni yangu.

Nieleze kwanza viza yenyewe, maana mjini hadithi ni nyingi. Sheria ya uhamiaji ya Afrika Kusini ya mwaka 2002, kifungu cha 20, inampa mgeni aliyestaafu nafasi ya kukaa zaidi ya miezi mitatu. Haina umri wa chini. Inachotaka ni pato, na kanuni za mwaka 2014 zililitaja kwa tarakimu: randi 37,000 kwa mwezi, zikitoka kwenye mfuko wa pensheni, au kwenye malipo ya uzeeni yasiyoweza kuvunjwa, au kwenye mali inayozaa kiasi hicho. Ukizigeuza dola ni kama elfu mbili, kutegemea randi imeamkaje siku hiyo. Viza inatolewa kwa muda usiozidi miaka minne, na inaweza kuongezwa. Hakuna anayekulazimisha kukaa huko mwaka mzima; unaingia, unatoka.

Na unaiomba ukiwa kwako, kabla ya kusafiri. Jirani yetu mmoja, mwalimu mstaafu, alitangulia na viza ya matembezi akitumaini kuibadilisha akiwa Johannesburg kwa mwanawe. Tangu kanuni hizo za 2014, mwenye viza ya matembezi hawezi kuigeuza akiwa ndani ya nchi, isipokuwa kwa sababu chache sana. Aliambiwa hivyo, hakuamini, akangoja. Anayepitisha muda wake kwa zaidi ya siku 30 huwekwa kwenye orodha ya wasiotakiwa kwa miaka mitano. Alirudi Katuba, mtaa wa Lubumbashi, na kila alipopita kwangu aliniambia angeweza kunisaidia kujaza fomu, na hilo ni kweli, Kiingereza chake ni kizuri kuliko changu.

Basi, pensheni. Nilifanya kazi kwenye shirika moja la Umoja wa Mataifa hapahapa Katanga, nikastaafu nikiwa na miaka 62, umri ambao mfuko wetu umewawekea wale walioingia kati ya mwaka 1990 na 2013. Siku unapoondoka, mfuko unakuuliza kama unataka kuchukua sehemu ya pensheni yako kwa mkupuo, isiyozidi theluthi, halafu malipo ya kila mwezi yapungue kwa kiasi hicho mpaka kufa. Ukikaa ofisini kwetu ungesikia jinsi watu walivyokuwa wanaiongelea ile theluthi! Wengine walishaijengea ghorofa kichwani miaka kumi kabla. Mwenzangu mmoja, tuliyeingia naye kazini karibu siku moja, aliichukua yote akajenga vyumba vya kupangisha kule mtaa wa Golf. Vyumba vizuri, vigae mpaka ukutani, wapangaji wa migodini wanaolipa dola. Mimi sikuichukua. Sikuwa na akili ya viza wakati ule, nilikuwa tu namjua baba yangu mdogo, ambaye pesa ya mkupuo ilimponyoka kabla ya mvua ya pili.

Leo mwenzangu huyo ana pesa kuliko mimi. Kila mtu anayeijua Golf anaweza kupiga hesabu. Lakini alipotaka kuomba viza kama yangu, pensheni yake ya mwezi haikufika kile kiwango, na kodi ya vyumba vyake ilikuwa inapokelewa mkononi, noti kwa noti, mbele ya geti, bila mkataba, bila benki, bila risiti. Mbele ya dosiye, zile dola hazikuwapo. Nilikaa naye jioni nzima tukijaribu kuona namna. Sheria inakubali mali inayozaa pato, hiyo ndiyo mali, na inazaa. Ila lazima uonyeshe imezaa lini, kwa nani, na imepita wapi. Mtu hawezi kuanza kuyaonyesha hayo mwezi anaoomba. Taarifa ya benki ya mwezi mmoja yenye pesa nyingi zilizoingia ghafla inatia shaka kuliko akaunti tupu.

Nilikuwa na nyumba moja ndogo ya kupangisha Kampemba, nikaijumlisha juu ya pensheni ili kuwe na nafasi randi ikipanda. Kwa ajili yake nilifanya kitu ambacho kiliwachekesha majirani: niliandikishana mkataba na mpangaji, nikamwomba alipe benki, nikaanza kulipa kodi ya mapato ya upangaji, ile asilimia 22. "Mama, unapeleka pesa mwenyewe?" aliniuliza karani siku ya kwanza, na wenzake wakainua vichwa. Asilimia 22 inauma, sitadanganya. Lakini ile hati ya malipo, yenye muhuri wa jimbo, ilikuwa na nguvu kwenye dosiye kuliko ukuta wa nyumba yenyewe. Kama una miaka 50 na unawaza mambo haya kwa mbali, mkataba na benki vianze sasa. Mambo mengine yote yanaweza kungoja.

Kuna lingine kuhusu mfuko wetu. Kila mwaka wanatuma cheti cha kuthibitisha kwamba bado uko hai na bado una haki. Unatia sahihi kwa mkono wako, unarudisha. Usiporudisha, malipo yanasimama. Posta yetu mnaijua. Mimi nilihakikisha anwani yangu na namna ya kupokea kile cheti vimekaa sawa kabla sijagusa fomu ya viza, kwa sababu viza hii inasimama juu ya pato lisilokatika.

Sasa nije kwa mume wangu.

Papa alikuwa fundi wa mitambo Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali. Aliondoka mwaka 2003 pamoja na wafanyakazi zaidi ya 10,000 katika ule mpango wa kuondoka kwa hiari uliolipiwa na Benki ya Dunia. Alipewa malipo ya mara moja, akanunua basi dogo, basi likaenda njia ya Kenya na Ruashi, mitaa ya mji wetu, mpaka likachoka. Pensheni yake ya caisse, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni ndogo kiasi kwamba sitaitaja, maana yeye mwenyewe husoma ninachoandika. Kwa hiyo hakuomba kama mstaafu. Aliomba kama mume anayeandamana na mstaafu, na kanuni zinaruhusu: mwenzi wa mwenye viza hii anapewa viza yake mwenyewe ya kufuatana naye. Fomu ni yake, alama za vidole zake, picha ya mapafu yake. Ila pale panapouliza nani anamtunza, jina ni langu.

Nilimsomea kwa Kiswahili, polepole. Alinyamaza. Kisha akauliza:

"Mama, sasa miye njo muke?"

"Hapana, Papa. Weye njo bwana. Ni dosiye tu."

"Dosiye inasema nakufwata."

"Miye nilikufwata wakati ulinitoa kwa baba. Hakukuwa dosiye, lakini nilikufwata."

Akacheka, lakini cheko lenyewe lilichukua muda kuja. Wanawake wengi wa rika langu wenye pensheni kubwa kuliko waume wao watakutana na fomu hiyo, na ushauri wangu ni kwamba isisomwe mbele ya shemeji. Ndugu zake walipojua, mmoja alisema mwanamume wa Kiluba habebwi kwenye karatasi ya mkewe. Papa alimjibu mwenyewe, na jibu lake nililipenda: "Weye utanibeba?"

Kumbe kunifuata kwenyewe kulihitaji ushahidi kwamba tumeoana. Tulioana mwaka 1983. Mahari ililipwa mbele ya familia mbili, padri akabariki, watu wakala bukari, ugali wetu, na nyama mpaka asubuhi, watoto wakazaliwa, wajukuu wakazaliwa. Komine, ofisi ya serikali inayoandikisha ndoa, hatukwenda. Wangapi walikwenda? Sheria ya familia ya tarehe 1 Agosti 1987 inataka ndoa ya kimila iandikishwe, lakini mtu huishi miaka yote bila kuombwa ile karatasi, mpaka siku anapoombwa na nchi nyingine. Kwa hiyo bibi na babu wakaenda komine kama maharusi. Wanatakiwa mashahidi wa pande zote mbili. Upande wa Papa alikuwapo kaka yake. Upande wangu walioipokea mahari wote wameshalala, isipokuwa baba mdogo wa mwisho, ambaye siku hiyo ya 1983 alikuwa mtoto aliyetumwa kumfunga mbuzi. Alikuja na koti, akaapa kwamba mbuzi alimfunga yeye.

Karani akauliza mahari ilikuwa kiasi gani, kwa sababu inaandikwa kwenye cheti. Papa akataja kiasi kwa zaire, pesa ya siku zile. Karani, kijana aliyezaliwa baada ya franga kurudi mwaka 1998, akatutazama kama tunamwambia habari za Ubelgiji. "Hiyo ni dola ngapi?" Hakuna aliyejua. Tuliiandika hivyohivyo, zaire na mbuzi. Mtafsiri naye baadaye aliisimamia vizuri, hakumwacha mbuzi nje.

Majina yalikuwa kazi nzito zaidi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo dosiye nyingi za watu wa umri wetu zinapokwama. Nilizaliwa mwaka 1961. Mji uliitwa Élisabethville, na nchi, kwa watawala wa siku hizo, ilikuwa Katanga ya Tshombe, iliyokuwa imejitenga tangu Julai 1960. Karte yangu ya ubatizo ndivyo isemavyo. Nilipoanza shule mji ulikuwa umeshakuwa Lubumbashi, tangu 1966. Cheti changu cha shule ya msingi kinasema Zaire, mkoa wa Shaba. Mwaka 1972 utawala wa Mobutu ulipiga marufuku majina ya Kikristo, kwa hiyo jina la mtakatifu likafutwa na mahali pake likaingia jina la bibi yangu mzaa baba. Mwaka 1997 Katanga ikarudi, na nchi ikawa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Nilipoajiriwa nililirudisha jina la ubatizo, kama wengi, na mfuko wa pensheni ukaliandika. Mwaka 2015 jimbo likagawanywa, sasa ni Haut-Katanga. Miaka hiyo yote sikuwahi kuhama mji huu, na karatasi zangu zinasema nimetoka sehemu nne.

Mtu wa nje anayesoma dosiye hiyo anaona wanawake wawili, labda watatu: mmoja mwenye pensheni, mmoja mwenye paspoti, mmoja aliyebatizwa. Na pensheni inalipwa kwa yule asiye na paspoti. Barua ya kuelezea historia ya Mobutu haitoshi. Niliandika moja nzuri, mwanangu akaniambia niitunze kwa ajili ya wajukuu. Kinachotosha ni tribinali, yaani mahakama. Tribinali ya amani ilisikiliza mashahidi, ikatoa hukumu kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja, na juu ya hukumu hiyo komine ikaniandikia cheti cha kuzaliwa, cha kwanza maishani mwangu. Papa vilevile, yeye ni wa 1955, kwa hiyo karte yake inasema Kongo ya Wabelgiji.

Baada ya hapo karatasi zikaenda Kinshasa kuthibitishwa kwenye wizara ya mambo ya nje. Kutoka kwetu Kinshasa ni ndege, barabara msiniulize. Tuliziunganisha zote ziende mara moja, na jambo hili lilituokolea pesa nyingi kuliko yote. Nimeona watu wakituma cheti cha ndoa leo, cha kuzaliwa mwezi ujao, kila karatasi na safari yake.

Zikirudi, zinatafsiriwa. Afrika Kusini inataka nyaraka ziwe katika moja ya lugha zake rasmi, na tangu 2023 lugha hizo ni 12, ukihesabu ya alama. Kifaransa hakimo, Kiswahili hakimo. Kingekuwapo Kizulu kwetu, tungeokoa. Mtafsiri lazima awe amekula kiapo, na anatoza kwa ukurasa, kwa hiyo ile hukumu ya tribinali yenye kurasa nyingi za "kwa kuzingatia" na "kwa kuwa" nililipia kila "kwa kuwa".

Kuhusu polisi. Tulipoomba walitaka cheti cha tabia njema kutoka kila nchi uliyoishi miezi 12 au zaidi tangu utimize miaka 18. Kwangu ilikuwa rahisi, parke ya Lubumbashi, ofisi ya mwendesha mashtaka, ikanitolea. Kwa Papa kulikuwa na Kitwe, Zambia. Baada ya Gécamines alivuka mpaka Kasumbalesa akafanya kazi ya ufundi kule zaidi ya mwaka. Alitaka tuiache. "Nani atajua? Zambia ni hapa tu." Kweli ni hapa tu, watu wa Lubumbashi huenda Ndola kununua unga. Lakini paspoti yake ya zamani ilikuwa na mihuri yote, na fomu iliuliza waziwazi. Kwenye fomu ya uhamiaji ni heri jibu linalokusumbua kuliko jibu linalokugeuka baadaye. Tukaenda hadi Lusaka, akatoa alama za vidole makao makuu ya polisi, akalalamika bei ya chakula njia nzima.

Mapafu. Wakati tunaomba kulikuwa na fomu ya daktari na fomu ya picha ya kifua, ya kuonyesha kwamba huna kifua kikuu kinachoambukiza. Mimi nilipita bila neno. Papa, aliyekula vumbi la mitambo ya shaba ujana wake wote, picha yake ilikuwa na makovu. Daktari aliinua ile filamu dirishani, akaitazama muda mrefu, akaagiza makohozi yapimwe. Siku tulizongoja majibu hatukuongea habari za viza kabisa. Tuliongea habari za maembe. Majibu yalisema hakuna kifua kikuu, ni makovu ya zamani, na daktari akaandika hivyo kwa maneno kamili kwenye fomu. Kama mtu wako alifanya kazi ya mgodi, mpeleke apigwe picha mapema kwa ajili yake mwenyewe, si kwa ajili ya fomu, halafu muweke ile picha ya zamani. Daktari akiwa na picha mbili za miaka tofauti zenye makovu yaleyale hana wasiwasi mkubwa.

Cheti cha polisi na vyeti vya daktari havitakiwi kuzidi miezi sita siku ya kuomba. Ndiyo maana mpangilio ni muhimu: ya tribinali, komine na Kinshasa kwanza, maana hayaozi, polisi na daktari mwisho. Dada mmoja wa parokia yetu alianza na daktari kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu. Kabla Kinshasa haijarudisha cheti chake cha ndoa, mapafu yake yalikuwa yamekwisha muda. Na paspoti: inatakiwa iendelee kuwa hai angalau siku 30 baada ya mwisho wa muda unaoomba. Yetu ya Kongo ni ya miaka mitano, viza ni ya minne. Hesabu ni yako. Ukiomba na paspoti iliyobaki miaka miwili, unaomba viza ya chini ya miaka miwili. Paspoti yangu ya zamani niliilipia dola 185, halafu mwaka 2020 serikali ikaishusha hadi 99. Niliinunua mpya bila kunung'unika. Usisahau kadi ya homa ya manjano, ile ya njano. Sisi wa Kongo tunaulizwa hiyo popote.

Kuwasilisha dosiye na kungoja sina mengi ya kusema. Tulienda wenyewe, tukiwa tumevaa vizuri, tukaulizwa maswali machache, mengi ya maswali yalikuwa kwangu na Papa akawa anajibu kwa sababu ndivyo alivyozoea. Majibu yalichukua muda. Yalipokuja, paspoti zote mbili zilikuwa na kibandiko.

Yaliyofuata ndiyo wengi hawaniulizi, na ningependa waniulize. Mstaafu hafanyi kazi kule bila ruhusa maalumu. Papa alikuwa ameshaona kichwani karakana ndogo uani kwa binti yetu Pretoria, magari mawili matatu ya Wakongo, saa za jioni. Haiwezekani. Mwanamume wa miaka 70 ambaye mikono yake haijawahi kukaa bure ukimwambia apumzike, unamwadhibu. Anatengeneza baiskeli za wajukuu mpaka wajukuu wanazificha. Fikirieni hilo kabla ya kufikiria hali ya hewa.

Na kuna hofu ambayo si ya kufichwa. Tunakumbuka mwaka 2008, tunakumbuka 2015, jinsi wageni Waafrika walivyopigwa na maduka yao kuchomwa. Miaka ya karibuni kuna vikundi vinavyosimama mlangoni mwa kliniki za serikali kuwarudisha wagonjwa wasio raia. Viza yangu ni halali kabisa, lakini Kiswahili changu sokoni kinasikika kabla ya viza kuonekana. Kwa hiyo katika bajeti yetu bima ya hospitali binafsi ilikuja kabla ya kodi ya nyumba. Mtu akiniambia randi 37,000 ni nyingi mno kwa wazee wawili, namwonyesha bei ya bima kwa mzee mwenye makovu kifuani.

Lililonikosesha usingizi zaidi ni hili. Nikitangulia kufa, Papa atalipwa na mfuko wangu kama mjane, na kawaida ya fungu hilo ni nusu ya pensheni yangu. Nusu haifiki kiwango cha viza. Na viza yake ni ya kunifuata mimi. Nikienda kule ambako haitakiwi viza, hana wa kumfuata. Niliuliza mwanasheria, tukakubaliana kwamba nyumba ya Bel-Air haiuzwi. Ndugu walituona wagumu: "Mumeshakwenda, nyumba ya nini?" Mpwa mmoja alikuwa ameshapima dirisha la pazia. Tumempangisha mtu baki, kwa mkataba, kwa benki, na chumba kimoja cha uani kimebaki kufungwa na ufunguo wetu. Wanangu wanasema huko ni kusita. Waseme. Mtu anayeondoka na miaka zaidi ya 60 kwa karatasi ya miaka minne anahitaji mahali ambapo hakuna anayemuuliza karatasi.

Hata kuongeza muda kuna hesabu yake: ombi linatakiwa liwe limeingia angalau siku 60 kabla viza haijaisha, na pensheni inaangaliwa tena upya. Nimeiweka tarehe hiyo kwenye kalenda ya jikoni, karibu na siku ya kurudisha cheti cha mfuko wa pensheni.

Papa naye ana tarehe yake kwenye kalenda hiyohiyo. Ile pensheni yake ya Lubumbashi inataka aonekane kwamba bado yuko hai, na hataki kusikia habari ya kumtuma mtu na hati. Tiketi ya kwenda Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, inazidi anachopokea mwaka mzima. Nilimwonyesha hesabu, akaisoma yote, akanirudishia.

"Hii njo yangu," akasema, akaenda kutafuta sanduku.